Ardhi ya Katikati: Marafa na Kingo Zisizotulia

Korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari na vijitabu vya watalii huliita Hell's Kitchen, yaani Jiko la Jehanamu, halina ukingo wa kudumu. Masika yakiwa mazito, kipande cha ardhi ya juu hukatika na kuporomoka, na palipokuwa na njia ya miguu mwaka jana pakabaki hewa. Wageni wanaotoka Malindi na Watamu huja alasiri kutazama kuta nyeupe, za waridi na nyekundu zikiwaka jua linapotua. Mwenye shamba la mihogo nyuma ya ukingo huo ana hesabu nyingine: ni matuta mangapi yamebaki.

Kati ya tuta la mwisho na shimo kuna kipande cha ardhi ambacho hakijaamuliwa. Si shamba, kwa maana kupanda hapo ni kulipandia korongo. Si korongo, kwa kuwa bado mbuzi wanachungwa hapo na watoto wanapita. Wapangaji wa ardhi na mazingira huyaita maeneo ya namna hii maeneo ya mpito: kanda zilizo baina ya matumizi mawili, ambamo kila upande humwaga kitu kwa mwenzake. Kaunti ya Kilifi imejaa kanda hizi. Ziko kati ya msitu wa Arabuko-Sokoke na mahindi ya jirani, kati ya Mto Sabaki na vijiji vya bondeni, kati ya maji yanapojaa na yanapopwa huko Gongoni, kati ya kuta za hoteli za Malindi na bahari inayozidi kwenda mbali. Ukiitazama kaunti hii kwa kanda zake badala ya miji yake, utaona kwamba ugomvi mwingi wa ardhi, na pia riziki nyingi, vimelala humo humo.

Jambo lenyewe si geni kwa mtu wa pwani. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa na daka mbele ya mlango, lenye mabaraza pande mbili. Daka ni la mwenye nyumba, lakini mpita njia hukaa. Mgeni hupokewa pale, biashara huzungumzwa, na hakuna anayedhani ameruhusiwa kuingia ndani. Mahali pale pana mwenyewe, pana adabu na pana kazi. Nitashika mambo hayo matatu kuwa kipimo, kwa sababu maeneo ya mpito yaliyoharibika katika sehemu hii ya pwani yaliharibika kwa kukosa mojawapo, na mara nyingi yote matatu.

Turudi Nyari kwanza, maana pale ukanda unaonekana kwa macho. Mwamba wake ni mchanga ulioshikamana kwa ulegevu, uliotandikwa tabaka juu ya tabaka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Wanajiolojia wameuita mchanga mwekundu wa ukanda huu kwa jina la Magarini, na jina hilo limeingia katika vitabu vyao hata kwa wasiojua kwamba Magarini ni eneo bunge la hapa hapa. Mvua ikinyesha juu ya uwanda, maji hayaangukii korongoni kila mahali kwa usawa. Huingia kwenye njia ya ng'ombe, kwenye mtaro wa barabara, kwenye njia ya kwenda kisimani iliyokanyagwa mpaka ikawa mfereji, kisha yote hukutana na kushuka mahali pamoja. Hapo ndipo ukingo hukatika, kwa kuchimbwa miguuni hadi kichwa kikose pa kukaa. Kwa hiyo anayeisogeza Nyari kuelekea kijijini mara nyingi ni maji yaliyokusanywa mbali na Nyari, na mwenye shamba la ukingoni hulipa deni la mtaro ambao hakuuchimba.

Waongozaji wa pale husimulia masimulizi mawili. La kwanza ni la familia tajiri iliyooga maziwa hadi Mungu akawazamisha, ndiyo maana kuta zina weupe wa maziwa na wekundu wa damu. La pili ni la kijiji kilichoambiwa kihame kabla ya ardhi kufunguka. Wote wakahama isipokuwa bibi kizee mmoja aliyekataa. Katika pwani yetu hilo huenda ndilo agizo la kale zaidi la kuondoka ukingoni, na tayari lina mtu aliyelipuuza.

Sheria za Kenya zina maagizo yake, na mengi yamepimwa kwa mita. Kanuni za maji za 2007 zilitaka kando ya mto paachwe mita 6 kwa uchache na 30 kwa wingi, kulingana na upana wa mto. Kanuni za zamani za kilimo zilianzia mita 2 tu, na zikakataza kulima mteremko uliozidi asilimia 35. Za upimaji ardhi zilitenga mita 30 kwenye mito inayofikiwa na maji ya bahari. Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ukizisoma pamoja utapata mambo mawili. Kwanza, hazikubaliani, na mtu mwenye wakili anaweza kuchagua ile inayompendeza. Pili, zote zinadhani kuna mstari unaotulia ambao savea anaweza kuusimamia akaanza kuhesabu. Mto wenye kingo za udongo hauna mstari huo, wala ufuo, wala Nyari, ambako mita 30 za leo si za mwakani.

Tabia hii ya kuchora mstari penye ukanda ina historia ndefu hapa, na yenye damu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriama walikuwa wameshasambaa kaskazini mwa Sabaki, upande huu wa Marafa, wakilima nafaka katika ardhi yenye rutuba kuliko walikotoka. Waingereza waliona watu hao wamekwenda mbali na kodi na mbali na mashamba yaliyohitaji vibarua. Wakaamua mto uwe mpaka, na kila Mgiriama arudi kusini. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliowaapisha watu wakatae, walikamatwa 1913 na kupelekwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti, vita vikafuata, nyumba za kaskazini zikachomwa. Baada ya miaka michache watu walianza kurudi na serikali ikalazimika kukubali. Kilichoshindwa, ukiacha ukatili wake, ni wazo kwamba mto unaolisha kingo mbili unaweza kukatwa katikati. Shamba la kaskazini na jamaa wa kusini vilikuwa uchumi mmoja, na Sabaki ilipita ndani yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mstari ulirudi kwa sura ya hisani. Serikali ya Kenya, kwa fedha na wataalamu wa Australia, ilianzisha mpango wa makazi wa Magarini. Tingatinga zilifyeka vichaka, viwanja vikapimwa, familia zikagawiwa, na kilimo cha kudumu kikatarajiwa. Visima viliwaangusha, rutuba ikashuka, mmomonyoko ukaanza pale pale palipofyekwa. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson, waliokuwa karibu na mradi huo, waliandika kitabu kizima juu ya kushindwa kwake, na kimesomwa katika vyuo vingi kuliko kilivyosomwa Magarini.

Maelezo ya kawaida ni kwamba udongo ulikuwa mbaya na mipango ilitoka mbali. Ni kweli, lakini mimi naona pia kosa la mpito. Mgiriama wa kale alilima kipande miaka michache, akakiacha kikaota kichaka, akahamia kingine. Kile kichaka hakikuwa ardhi tupu. Kilikuwa kinarudisha rutuba, kinatoa kuni, fito, dawa na malisho, na kilikuwa na mwenyewe anayejulikana hata kama hakuna jembe lililogusa. Ulikuwa ukanda wa mpito uliopimwa kwa miaka badala ya mita. Mpimaji alipoweka bikoni na kumwambia mtu kwamba ardhi yake yote ni hii, aliua mapumziko ya ardhi bila kujua yalikuwepo. Na mtu mwenye kiwanja kimoja, kizazi baada ya kizazi, atalima mpaka ukingoni mwa Nyari, kwa sababu huko ndiko palipobaki.

Sabaki yenyewe inastahili tukae nayo zaidi. Huko juu inaitwa Athi, katikati Galana, ikifika kwetu ni Sabaki, na kwa urefu katika Kenya inafuata Tana. Inakuja na udongo wa nyanda za juu, kutoka mashamba ya Ukambani na kandokando ya Nairobi, kiasi kwamba mvua ikinyesha bara bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa huku Watamu ikibaki samawati. Mafuriko yake ya 2018 na ya 2023 yaliwahamisha watu wa bondeni. Lakini mkulima wa bondeni hafikirii mafuriko kwa neno moja. Kuna maji yanayobeba nyumba, na kuna maji yanayopanda taratibu, yakakaa, yakashuka na kuacha tope jeusi ambamo mahindi na kunde humea bila kubembelezwa. Ndiyo maana kumwambia ahame moja kwa moja hakumwingii. Anachohitaji ni nyumba mahali pa juu na konde mahali pa chini, yaani ukanda wenye matumizi yanayobadilika kwa msimu, na mpango wa ardhi unaolitambua hilo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Mombasa anayefungua bomba huenda halijui. Visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu ya Mombasa, huvuta maji kwenye mchanga wa kingo za Sabaki. Mto hupita juu, mchanga huchuja, pampu huvuta. Ukanda ule ambao kwenye ramani huonekana kama kando tu ya mto ndio mtungi wa pwani. Kila lori la mchanga linalochotwa mtoni, na kila kichaka kinachofyekwa kingoni, hupunguza mtungi huo, ingawa aliye mjini hataliona hilo leo wala kesho.

Mlangoni mwa mto mambo hugeuka. Nyari inapokonya ardhi, Malindi inapewa. Mashapo yaliyoletwa na Sabaki tangu miaka ya 1970 yamejaza ghuba, ufuo umepanuka kuelekea baharini, na gati la mji limejikuta kwenye maji ya kina kifupi. Mwenye nyumba aliyenunua kiwanja cha mbele ya bahari sasa anatembea mchangani kabla hajalowa miguu. Ardhi hiyo mpya ni ya nani? Zamani ilikuwa baharini, baadaye ikawa kati ya kujaa na kupwa, yaani ya umma, na leo sehemu yake imekauka na kuota nyasi. Jirani mwenye hoteli huona ni mwendelezo wa bustani yake. Mvuvi huona pa kuanikia nyavu, na mchuuzi pa kibanda. Nadhani huu ndio wakati wa kaunti kuamua, kabla bikoni hazijapandwa usiku, kwa sababu ukanda usio na mwenyewe hupata mwenyewe haraka sana, na huwa si mvuvi.

Ushahidi uko Gongoni na Marereni. Nyika za matope zilizofunikwa na bamvua, na mikoko iliyozizunguka, zimegeuzwa mashamba ya chumvi kwa miongo kadhaa. Kwenye karatasi lilikuwa eneo lisilo na kazi. Kwa waliokaa hapo ilikuwa njia ya kwenda baharini, pa kuchotea kaa, pa kukatia boriti. Malalamiko yalizidi mpaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara Malindi na kutoa ripoti yake 2006. Watu walisimulia kufukuzwa, visima kuingiwa na chumvi, njia za kwenda kuvua kuzibwa. Mtu anaweza kutetea chumvi, maana nchi inaihitaji na vibarua wanapata kazi huko. Asichoweza kutetea ni kuandika kwamba mahali palikuwa patupu.

Sasa tuje palipofanikiwa kwa kiasi, kwa kuwa pwani hii ina mifano. Shirika la UNESCO lilianzisha programu ya binadamu na viumbehai 1971, na hifadhi zake zina sehemu tatu: kiini kisichoguswa, ukanda wa kukinga, na ukanda wa mpito ambamo watu wanaishi na kufanya kazi. Malindi na Watamu ziliingizwa mapema, 1979, na baadaye hifadhi ikapanuliwa kuingiza Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420, mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba unawataja watu kama sehemu ya hifadhi. Udhaifu wake ni kwamba ni kiini peke yake kinacholazimika kuwa na ulinzi wa kisheria. Kiini kina askari, mpito una mapendekezo.

Kilichoupa ukanda wa Arabuko-Sokoke uhai ni vipepeo. Mwaka 1993, majirani wengi wa msitu wakitaka ukatwe wapate mashamba, mradi wa Kipepeo ulianza Gede chini ya Makumbusho ya Taifa. Mkulima hukamata kipepeo jike msituni, humweka katika kizimba cha wavu nyuma ya nyumba, hupanda majani anayokula kiwavi, na hupeleka pupa Gede ili zisafirishwe kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani kabla hazijapasuka. Mashine yote ni wavu, miti michache na saa. Ila bila msitu hakuna jike wa kuanzia, na hapo ndipo maslahi yalipogeuka. Kule kwenye hori ya Mida, daraja la ubao lililopita ndani ya mikoko hutoza ada, na kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya fedha huwa karo ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori.

Nisiipambe mno mifano hii. Asiye na mtoto sekondari haoni karo hiyo, na ndovu anapotoka usiku kula mahindi, kipepeo hamlipi fidia mwenye shamba; ndiyo maana ua wa umeme ulijengwa, na ua ni mstari tena. Lakini katika mifano yote miwili ukanda umepata kazi inayotegemea uwepo wake, na hilo ni tofauti kubwa na ubao unaosema usikate miti.

Kaya ni mfano wa zamani zaidi. Misitu kadhaa ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia 2008. Msitu ulizunguka makazi, ukawa ngome, makaburi, duka la dawa na mahali pa maamuzi, na miko iliyoulinda ilitamkwa na wazee. Hapa mwenyewe, adabu na kazi vilikuwa pamoja. Tatizo la leo ni kwamba wenye adabu hiyo wanawindwa. Kilifi imekuwa na mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi, na nyuma ya tuhuma nyingi kuna kijana anayetaka ardhi iuzwe. Hakuna mpango wa mazingira utakaolinda msitu ambao walinzi wake wanalala kwa hofu, na nashangaa kwamba mauaji hayo huandikwa kurasa za uhalifu pekee.

Wengine wamejaribu njia yao. Uholanzi, baada ya mafuriko ya 1993 na 1995, iliacha kuinua kuta peke yake na kuanza kuipa mito nafasi mahali zaidi ya 30. Katika eneo la Overdiepse wakulima wenyewe walipendekeza tuta la zamani lishushwe ili mto uingie mashambani ukizidi, nao wakajengewa upya juu ya vilima. Walishirikishwa, wakalipwa, baadhi wakaondoka, waliobaki wakaendelea na ng'ombe wao. Linganisha na Nairobi 2024, serikali ilipoamuru watu wa Mathare waondoke mita 30 kutoka mtoni na tingatinga zikafuata amri kwa haraka. Mita zilikuwa sahihi labda. Kilichokosekana ni mahali pa kwenda.

Nyari inahitaji njia ya tatu, kwa sababu ina mgongano wake wa pekee. Mmomonyoko ndio uliochonga kile wageni wanacholipia kukiona. Ukiziba kila ufa kwa mawe na wavu wa chuma, kuta zitaota vichaka, rangi zitafifia, na lango litakosa mapato. Ukiacha kila kitu, kijiji kitafuata mihogo. Kwa hiyo lengo haliwezi kuwa kulisimamisha korongo. Ni kulipunguzia maji ya kulazimishwa na kuliachia nafasi ya kujisogeza lenyewe kwa mwendo wake.

Kazi ya kwanza iko mbali na ukingo: makinga maji mashambani, mitaro ya barabara isielekezwe korongoni, njia za mifugo zibadilishwe kabla hazijawa mifereji. Kazi ya pili ni ukanda wenyewe, na upana wake upimwe upya kila baada ya masika kuanzia pale ukingo ulipofika. Ndani yake mihogo iondoke, maana kuvuna mhogo ni kuutikisa udongo, na mahali pake pawe na mikorosho na nyasi za kukata, mbuzi wafungwe na majani wapelekewe. Kazi ya tatu ni hesabu. Vijana wa Marafa huongoza wageni, na mgeni hulipa ada. Sehemu ya ada hiyo iwe kodi ya kila mwaka kwa mwenye shamba aliyeacha ukanda, ili asilazimike kuchagua kati ya chakula na usalama wa jirani. Akilipwa mara moja tu atarudi kulima, na mimi nisingemlaumu.

Kisheria si rahisi kama inavyosomeka. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ingeweza kuupokea ukanda kama mali ya kijiji, lakini sehemu kubwa ya Magarini imepimwa kwa viwanja vya mtu mmoja mmoja, urithi wa ule mpango wa makazi. Itabidi kuwe na makubaliano na kila mwenye kiwanja kinachogusa ukingo, yaandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ambao sheria ya 2019 inaitaka kaunti iwe nao, na yaseme waziwazi kinachotokea ardhi inapoporomoka. Kwa sasa hakisemwi. Ekari moja ikiingia shimoni, hatimiliki haipungui. Mwenyewe anabaki na karatasi ya kiwanja kizima, yenye bikoni mbili ambazo savea akitaka kuzikagua itabidi ashuke korongoni kwa kamba.